Baba Mkwe Ndani ya Tanuru

Ukiambiwa ukae mlangoni umwangalie mwenzako aliyeingia ndani, usidhani umepewa kazi ya kupumzika. Nawasema ninyi vijana wa kofia ngumu na viatu vyenye chuma mbele, mnaochezea simu huku mwenzenu yuko ndani ya tangi. Nimewaona, msinibishie. Mimi niliwekwa mlangoni zamani, nikaifanya kazi hiyo vibaya, na nusura mke wangu afiwe na baba yake kwa sababu ya adabu zangu nzuri. Haya, kaeni niwaambie.

Naitwa Magaiwa. Nilikuwa fundi bomba, sasa ni mzee wa Turwa mwenye migomba michache na kikohozi. Kazi nilianza miaka ya hamsini kwenye mgodi mdogo wa dhahabu, mwendo wa siku nzima kwa miguu kutoka Bomani ukielekea Mto Mara. Msiutafute, umeshafukiwa na ng'ombe wanalisha juu yake. Umeme haukuwepo. Dizeli ilifika kwa taabu, na mvua zikishika haifiki kabisa. Kwa hiyo injini zetu zilikula gesi, na gesi tuliipika wenyewe kwa mkaa uliotoka upande wa Serengeti, kwa watu wa Nata.

Mjukuu wangu Gati ni mhandisi. Yeye huchora mabomba ya kuchomea gesi ya ziada viwandani, anayachora kwenye kompyuta, kisha anaiuliza mashine: hapa na hapa pakifunguka kwa wakati mmoja, gesi itakwenda wapi? Mashine inafikiri kidogo, inamjibu kwa rangi. Aliponionyesha nilicheka mpaka nikakohoa. Akaniuliza, "Babu, kinachokuchekesha nini?" Nikamwambia hayo sisi tuliyafanya kwa mabua ya majani ya mpapai na moshi wa nyasi mbichi. Akanitazama vile mnavyotutazama wazee tukianza mambo yetu. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Sasa sikilizeni tanuru lilivyokuwa, maana msipolielewa hamtaelewa kilichotokea. Ni pipa kubwa la chuma, refu kuliko mtu aliyebeba mtoto mabegani, ndani limejengwa matofali. Mkaa unamiminwa juu, chini feni inasukuma hewa. Mkaa unaungua nusu nusu, unatoa gesi. Gesi inaoshwa kwa maji, inakwenda kwenye injini, injini inazungusha kinu cha kuponda mawe. Tulikuwa na matanuru matatu. Mawili yanafanya kazi, kila moja na injini yake, la tatu limezimwa, limepoa, mtu anaingia ndani kwa mlango mdogo wa chini kukwangua majivu yaliyoganda kama mawe.

Injini ikisimama ghafla, mkaa hausimami. Unaendelea kutoa gesi hiyo hiyo, na gesi hiyo ni muuaji asiye na rangi, na harufu yake ni ndogo, hata huwezi kuiogopa. Lazima uipe njia ya kutoka na uichome mbali na watu. Mwanzoni kila tanuru lilikuwa na bomba lake dogo lililotoboa paa. Siku moja mwali ukashika nyasi za paa, tukakimbizana na ndoo mpaka nyusi zangu zikaungua. Meneja, Mzungu mmoja mrefu asiyependa maneno mengi, akasema mabomba yote yakusanywe, gesi ichomewe juu ya mwamba uliokuwa mbali na majengo.

Kazi hiyo tulipewa mimi na Fundi Odera. Odera alikuwa Mjaluo wa kando ya ziwa, mtu mfupi mwenye mikono mikubwa, na yote ninayoyajua kuhusu mabomba yeye ndiye aliyenifundisha. Alinifundisha kupaka povu la sabuni kwenye kila kiungo na kungoja, si kupaka na kuondoka. Alinifundisha kuijua gesi kwa rangi ya mwali: ukiwa wa njano na unarukaruka bado mkaa haujakolea, ukiwa wa bluu na umetulia ipeleke kwenye injini. Nilipokosea aliniita ndugu kwa lugha yake, akasema, "Omera, wewe fundi au mpita njia?" Nilikosea mara nyingi.

Lakini mchoro wa bomba la mwamba ulikuwa wangu. Odera alikuwa amekwenda kwao msibani, nikauchora kwa mkaa kwenye sakafu ya karakana. Bomba moja la inchi nne kutoka kwenye matanuru mpaka mwambani, hatua kama mia, na matawi matatu yanayoingia humo, moja kwa kila tanuru. Kwenye kila tawi nikaweka kifuniko cha chuma kinachofunguka upande mmoja tu, gesi itoke isirudi. Kwa nini inchi nne? Kwa sababu stoo kulikuwa na mabomba ya inchi nne! Hakuna hesabu nyingine niliyopiga. Odera aliporudi akaangalia, akakuna kichwa, akasema, "Haya." Siku tuliyowasha mwali juu ya mwamba, watu waliuona mpaka upande wa Nyarero. Mura, yaani kijana wangu, nilivimba kichwa! Nilitembea kama niliyeoa mara mbili.

Nilikuwa nimeoa mara moja, nimemwoa Robi, na baba yake Robi alikuwa mkwanguaji wa matanuru pale pale mgodini.

Mzee Nyamhanga alianza kazi mgodini kabla yangu. Alikuwa mtu wa maneno machache na miguu mirefu, na alilikwangua tanuru vizuri kuliko vijana wote. Shida ni kwamba kwetu Wakurya mtu na baba mkwe wake hawazoeani. Hamketi kwenye benchi moja, hamtaniani, humtazami akila kwa kumkodolea macho. Na kumwona akiwa hana nguo, lo, hilo halitajwi hata kwa kunong'ona. Basi mimi na yeye tulifanya kazi kiwanda kimoja miaka miwili tukizungumza kupitia kwa Odera. Mzee anasema, "Odera, mwambie huyo bolti ya chini imelegea." Mimi niko hatua mbili, nimesikia kila neno. Odera ananigeukia kwa heshima zote, "Mkweo anasema bolti ya chini imelegea." Nami ninajibu, "Mwambie nimesikia." Odera alifurahia sana kazi hiyo. Alituambia kama angelipwa kwa neno angekwisha jenga nyumba ya bati.

Mtu akiingia ndani ya tanuru, mwingine hukaa mlangoni. Mkwanguaji anafungwa kamba kiunoni, mlinzi anashika ncha ya kamba na kumtazama. Kwa Mzee Nyamhanga mlinzi alikuwa Odera siku zote, na sababu yake ni kwamba ndani kulikuwa na joto la ajabu hata tanuru likiwa limelala limezimwa. Wakwanguaji walivua kila kitu, wakabaki na kitambaa tu, na kitambaa chenyewe hakikukaa mahali pake kwa muda mrefu.

Jumamosi moja Odera aliitwa na meneja kwenye kinu. Kinu kilikuwa kimekwama, jiwe limekaba. Akanitupia kamba akasema, "Shika hapa, narudi sasa hivi." Mzee alikuwa ameshaingia. Nami nilifanya nini? Nikageuka. Nikampa mgongo, nikashika kamba kwa nyuma kama mtu anayechunga mbuzi asiyemtaka, nikatazama milima. Nilijiona mtu mwenye malezi mazuri sana.

Nilikuwa ninasikia beleshi likikwaruza. Kwaru, kwaru. Kisha nikasikia injini zote mbili zimezimwa kule, ili waling'oe lile jiwe. Nikautazama mwali wa mwambani ukiruka juu, mkubwa kuliko nilivyowahi kuuona. Nikafurahi! Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo, kwamba nilifurahi. Beleshi likanyamaza. Nikasema moyoni, mzee anapumzika. Nikavuta kamba kidogo, nikaona nzito. Nikamwita baba kwa Kikurya, "Tata?" Kimya. Nikawaza, labda ameudhika kwamba ni mimi niliyepo, wala hataki kunijibu. Na bado sikugeuka, ninawaambia ukweli. Muda wa kuvuta sigara nzima mpaka kipande nilisimama pale na heshima zangu.

Odera akatokea kwenye kona. "Omera! Unalinda nini, upepo?" Akainama mlangoni, akapiga ukelele. Mzee alikuwa amelala kifudifudi, beleshi chini yake.

Tulimvuta kwa kamba. Tulimtoa kwenye upepo, midomo yake imekuwa myekundu isivyo kawaida, kifua hakipandi. Odera akamlaza vizuri akaanza kumkandamiza mbavu na kumwachia, kumkandamiza na kumwachia, kama walivyomfundisha jeshini wakati wa vita. Mimi nilimfunika kwa shati langu, ndilo lililonijia akilini, kumfunika! Mzee akakohoa. Akatapika. Akafumbua macho, jambo la kwanza aliloliona ni uso wangu juu yake, naye yuko uchi. Akafumba tena. Nililia pale mbele ya watu wote na sikujali.

Meneja alikuja, akamnusa mzee mdomoni. "Hii mzee iko na pombe," akasema. "Yeye nalewa, yeye naanguka. Basi."

Ni kweli jana yake mzee alikuwa kwenye pombe ya wazee wenzake. Lakini pombe ya jana haimwangushi mtu aliyekwangua tangu asubuhi. Nilisema hivyo. Meneja akaniuliza kama gesi ndiyo iliyofanya kazi hiyo, ilipitia wapi, na mabomba niliyafunga mimi mwenyewe? Akasema mzee akipata nafuu aondoke, na Jumamosi ijayo mtu mwingine atamalizia tanuru lile.

Habari zilimfikia mzee kitandani, na jibu lake likaja kupitia kwa Odera. "Mwambie meneja Jumamosi nitarudi kumalizia tanuru langu. Nikikaa nyumbani, nitakuwa nimekubali kwamba nilianguka kwa ulevi." Meneja akainua mabega, akasema kama anataka, aje.

Mnaelewa sasa? Siku saba. Ndani ya siku saba nijue gesi ilirudi kwa njia gani na niizuie, la sivyo baba wa mke wangu anaingia tena mle ndani, na safari hii huenda asifumbue macho. Robi alikuwa ananiwekea chakula bila kuniambia karibu. Alisema neno moja tu siku ya kwanza: "Ulikuwepo." Niliapa kwamba nitalijua bomba lile mpaka moyo wake, hata kama nitalala juu yake.

Jumatatu tukafungua vifuniko vya matawi. Kile cha tanuru la tatu kilikuwa kimeshikwa na lami nyeusi, hakifungi sawasawa. Odera akasema, "Huyu hapa mwizi." Tukasugua, tukakirudisha. Kisha tukapima. Tulisimamisha injini ya kwanza peke yake, tukapeleka kuku ndani ya tanuru la tatu, hana shida. Tukaiwasha, tukasimamisha ya pili peke yake. Kuku mzima. Nikaenda nyumbani ninapiga mluzi.

Hilo ni kosa la pili, na ninyi mnalifanya kila siku, kwa sababu Gati ananiambia. Mnapima kila kitu peke yake, kila kimoja kinafaulu, mnasaini. Jumanne nikiwa ninakunywa uji ndipo nikakumbuka ule mwali mkubwa niliofurahia. Siku ile injini zilizimwa zote mbili. Nikaacha uji.

Kuzima zote mbili kwa makusudi meneja hakukubali, kinu kilikuwa nyuma ya kazi tayari. Basi nikasema tutajenga bomba jingine dogo, la mchezo. Tulikata mabua ya majani ya mpapai, yale yenye tundu katikati. Moja refu likawa bomba la mwamba, matatu mafupi yakawa matawi, viungo tukaziba kwa nta ya nyuki. Mikebe mitatu ya tumbaku ikawa matanuru. Tukaazima mivukuto miwili ya mhunzi wa karakana, tukaweka nyasi mbichi zinazofuka. Tulifanya hivyo nyuma ya karakana saa kumi jioni baada ya zamu yetu, watu wakapita wakitucheka kwamba mafundi wamerudi utotoni. Robi alikuja kuniletea chakula, nikamwambia akae karibu na mkebe wa tatu na aseme anachokiona.

Nilivukuta mimi peke yangu. Moshi ukatoka mwisho wa bua refu. Robi akasema, "Hapa hakuna kitu." Akavukuta Odera peke yake. "Hakuna." Nikamwambia Odera, pamoja sasa. Tukavukuta pamoja, kwa nguvu. Bua refu likashindwa kumeza moshi wa wawili, na moshi ukatafuta njia nyingine, ukaingia tawi la tatu kinyumenyume, ukafuka polepole kutoka kwenye mkebe mtupu.

Robi aliutazama mpaka ukampata usoni. "Huu ndio uliompata baba," akasema. Kisha akanigeukia, "Na bomba hili nani alilichora?"

"Mimi."

"Basi lichore tena." Akachukua bakuli lake akaondoka. Sijawahi kupewa agizo la kazi lililo wazi kuliko hilo.

Lakini bomba kubwa zaidi stoo halikuwepo, na kuliagiza ni miezi. Kifuniko cha chuma hakiaminiki, lami itarudi tu. Jumatano nzima tulizunguka na mchoro ule bila kitu. Alhamisi Odera akaenda kumjulia hali mzee, mimi nikabaki nje ya ua kama ilivyonipasa. Akamweleza mambo ya moshi. Mzee alikuwa ameegemea ukuta, kichwa kinamgonga, ana mrija wake wa pombe, ule mrefu ambao wazee wa kwetu hunywea wakizunguka chungu kimoja. Akauchovya kwenye kibuyu cha maji, akapuliza. Mapovu yakatoka. Akaacha, maji yakarudi kuziba. Akasema kwa sauti ya kunifikia nje, "Odera, muulize huyo kama gesi yake inaweza kupita hapa ikirudi."

Sikungoja Odera aniulize. Niliruka nikakimbilia karakana.

Bomba la kila tanuru lichovywe ndani ya pipa la maji, vidole vinne. Gesi ikitoka inabubujika na kupita juu kwenda mwambani. Ikitaka kurudi, inayasukuma maji, maji yanapanda ndani ya bomba na kuziba njia. Mtaona ni rahisi. Si rahisi! Kwenye mabua tulianza na kikopo chembamba, maji yote yakapanda mrijani, kikopo kikabaki kitupu na moshi ukapita ukitucheka. Tukajua pipa lazima liwe pana, maji yawe mengi kuliko yanayoweza kumezwa na bomba. Kisha tukapima ule msukumo wenyewe kwenye mabua, kwa mrija wa kioo uliopindwa wenye maji: bua likibeba moshi wa wawili, maji yanapanda vidole sita. Nikasema bomba la kuingilia lisimame juu ya pipa vidole thelathini. Odera akaniuliza thelathini vya nini. Nikamwambia sita ni vya gesi, vilivyobaki ni vya ujinga wangu ambao bado sijaujua. Akacheka, halafu akasema, "Sasa wewe fundi."

Ijumaa asubuhi nilimwita meneja nyuma ya karakana. Alikuja na haraka zake, "Wewe taka nini?" Nikampa mvukuto mmoja mkononi. Nilimwambia avukute. Mzungu akavukuta. Moshi ulipomrudia kutoka mkebe mtupu alisimama, akavua kofia, akavukuta tena mara ya pili, ya tatu. Kisha tukamwonyesha mabua yenye maji. Alivukuta mpaka jasho likamtoka, mkebe wa tatu ukabaki msafi. Hakusema samahani. Alisema, "Chukua pipa. Chukua watu. Simamisha yote mpaka kwisha."

Tulifanya kazi mchana ule mimi, Odera na watu sita. Mapipa matatu ya mafuta, yamesuguliwa kwa mchanga. Na juu ya hayo nikakata bati nene la kufungwa kwa bolti katikati ya kiungo, mahali tawi linapoingia kwenye tanuru ambalo mtu yumo. Mwanzoni niliona maji yanatosha. Odera akaniuliza pipa likitoboka je, wakati yuko ndani? Nikakata bati. Fanyeni yote mawili, vijana, mkimwacha mtu ndani.

Jumamosi tukawasha mawili. Kabla bati halijafungwa, nikamtanguliza kuku yule yule, tukasimamisha injini zote mbili kwa pamoja. Mapipa mawili yakabubujika kama vyungu vya ugali, la tatu kimya. Kuku akatoka amekasirika, akamdonoa Odera. Ndipo tukafunga bati, tukawasha injini tena.

Mzee Nyamhanga akaja kutoka kwao akitembea polepole, amevaa nguo zake za kanisani. Odera akainuka kwenda kushika kamba, kama kawaida. Mzee akamzuia kwa mkono. Akanigeukia mimi, mimi mwenyewe, kwa mara ya kwanza katika miaka miwili.

"Magaiwa."

Nikainamisha kichwa. "Naam, tata."

"Jana nimekaa na wazee wa ukoo. Nimewaambia mwanangu huyu aliona aibu, nami nusura nife kwa aibu yake. Wameniuliza nataka nini. Nimesema nataka mlinzi mwenye macho." Akanikabidhi kamba. "Safari hii utanitazama."

Akavua nguo, akazikunja, akaziweka juu ya jiwe, akaingia. Nami nikapiga magoti mlangoni, nikatazama.

Nilichokiona sikukitarajia. Nilijua sauti ya beleshi lake, kwaru, kwaru, sauti ya mtu mwenye nguvu. Sikujua kwamba kila baada ya mikwaruzo mitatu aliegemeza paji la uso kwenye matofali apate pumzi. Niliona mbavu zote, nikazihesabu. Magoti yalikuwa yanacheza. Mzee alikuwa ameishiwa nguvu, si kwa gesi ya wiki iliyopita, ni kwa miaka, na hakuna mwingine aliyejua kwa sababu Odera aliheshimu siri yake na sisi wengine tuligeuza migongo. Nilisikia uchungu ambao sijui niuelezeje. Angekufa humo siku yoyote, hata kwa hewa safi, kuliko kusema amechoka.

Sheria ya mlinzi ni kwamba haingii. Sikuivunja. Nilimwita Odera, nikamkabidhi kamba ya mzee na ya kwangu, nikamwambia, "Tazama wote wawili." Kisha nikavua shati. Nikavua na suruali.

Ndani nafasi ilikuwa ya mtu mmoja na nusu. Nilisimama mbele ya baba mkwe wangu nikiwa kama nilivyozaliwa, jasho linanitiririka kwa joto na kwa haya. Mzee alinyanyua beleshi kama atakayenipiga. "Toka," akasema.

"Sitoki, tata."

"Nimesema toka!"

"Nimekutazama kama ulivyoniagiza," nikamwambia. "Kwa hiyo sitoki."

Saa sita ikafika. Kule nje kinu kikakabwa na jiwe tena, injini zikazimwa zote mbili. Tulisikia mapipa mawili yakianza kububujika upande wa pili wa ukuta. Tukashikilia pumzi wote wawili bila kuambiana, tukisikiliza la tatu. La tatu halikutoa hata povu moja.

Baba mkwe akaachia pumzi. Akanitazama, kutoka kichwani mpaka miguuni, wala hakugeuka. Akaniachia beleshi.